Kutafuta kijiji cha asili cha familia ya Kichina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu ambao babu yao, au babu wa babu yao, aliondoka kusini mwa China akavuka bahari kutafuta maisha, na sasa kijiji alichotoka kimebaki jina linalokumbukwa nusunusu. Mifano mingi ni ya waliotoka mkoa wa Guangdong kwenda Marekani na Kanada, maana huko ndiko kwenye nyaraka nyingi. Wa Bahari ya Hindi wana swali lao huko chini.

Nianzie wapi?

Nyumbani, kwa mtu mzee kuliko wote aliye hai. Nyaraka za serikali hazikimbii. Wa kuwahiwa ni mzee wa miaka tisini. Muulize nani aliitwa nani, walikuwa wanakula nini, siku ya kusafisha makaburi walikuwa wanakwenda wapi. Mwache aseme kwa lugha yake, na urekodi kwa simu hata kama hushiki neno moja, kwa sababu yupo atakayeelewa baadaye.

Unatafuta vitu vitatu tu: jina la ukoo kwa maandishi ya Kichina, wilaya, na jina la kijiji kwa maandishi ya Kichina. Ukiwa na viwili, cha tatu huwa kinapatikana. Ukiwa na kimoja, tiketi ya ndege isubiri.

Kisha fungua masanduku. Geuza kila picha uangalie nyuma. Bahasha usitupe hata kama barua yenyewe imepotea. Barua na fedha za kwenda kijijini zilipitia maduka ya Hong Kong, na kutoka hapo zikaenda kwenye duka fulani katika mji wa gulio, ndipo mtu wa nyumbani akaja kuzichukua au zikapelekwa kwa mkono. Anwani ya duka hilo haitaji kijiji, ila inakuambia watu wenu walikwenda gulio gani, na gulio lilikuwa mwendo wa miguu. Barua hizi zilitunzwa kwa wingi Guangdong na Fujian, hata UNESCO ikaziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2013.

Tuna jina kwa herufi za Kilatini. Kwa nini halitoshi?

Kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Ukoo wa 陳 utaukuta Chan kwa Wakantoni, Chin kwa watu wa Taishan, wilaya ya Guangdong, Tan kwa Wahokkien, yaani wenye asili ya Fujian, wa Singapore na Malaysia, na Chen kwa Kichina sanifu. Huo ni ukoo mmoja. Kinyume chake, akina Ng wawili waliokaa meza moja wanaweza wasiwe na undugu hata kidogo: mmoja ni 吳, mwingine ni 伍, na kama familia ni ya Wateochew, watu wa mashariki mwa Guangdong, basi huenda ni 黃, ambao Wakantoni huwaita Wong.

Hata hivyo tahajia ni fununu nzuri. Familia ya Marekani inayoitwa Yee, Moy, Hom au Chin, mimi ningeanza na Taishan kabla ya kwingine kokote.

Angalia pia mpangilio. Kwa Wachina ukoo hutangulia, na makarani wengi walichukua neno la mwisho wakalifanya la familia. Balaa kubwa zaidi ni "Ah". Ah Sing, Ah Kee: hilo "Ah" ni la kumwitia mtu kwa mazoea, na ukoo halisi haumo kabisa. Familia za Mauritius na Jamaica zina bahati, kwani nyingi zilichukua jina zima la babu, ukoo na jina lake pamoja, likawa la kizazi chote.

Babu alizikwa Marekani. Kaburi linasaidia?

Kaburi ndicho chanzo ninachokiamini kuliko vyote. Mtu aliyeishi miaka hamsini kwa jina la kununua ili aruhusiwe kuingia nchini (swali lake liko chini), watu wake walimzika kwa jina lake la kweli, maana maiti hahojiwi na uhamiaji.

Jiwe la zamani husomwa kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Safu kubwa ya katikati ni jina la marehemu. Unayoitaka ni ile ndogo ya pembeni, mara nyingi ya kulia. Itaanza na 廣東, yaani Guangdong. Itafuata wilaya, tuseme 台山, na alama 縣 ya wilaya. Kisha tarafa au gulio. Na mwisho jina linaloishia kwa 村 au 里. Hicho ndicho kijiji. Nafasi kwenye jiwe ilikuwa ndogo, kwa hiyo utakuta vifupisho: 寧邑 ni wilaya ya Xinning, jina la Taishan kabla ya 1914, 香邑 ni Xiangshan, ambayo tangu 1925 inaitwa Zhongshan kwa heshima ya Sun Yat-sen aliyezaliwa huko, 開邑 ni Kaiping.

Safu iliyobaki ni ya tarehe. Ukiona 民國, huo ni mwaka wa Jamhuri: jumlisha 1911, hivyo mwaka wa 15 ni 1926. Ukiona 光緒, ambao ni utawala wa mfalme Guangxu, jumlisha 1874.

Nenda asubuhi au jioni jua likiwa la pembeni. Maandishi yaliyolika hujitokeza kwa kivuli. Maji safi yanatosha kuosha. Brashi ya chuma na chaki uviache nyumbani.

Na kama kaburi halipo?

Huenda lilikuwepo likafukuliwa. Mpaka karibu katikati ya karne ya 20, Wachina wengi wa ng'ambo walizikwa kwa muda: baada ya miaka kadhaa mifupa ilitolewa, ikasafishwa, ikapakiwa na kurudishwa kijijini kupitia hospitali ya Tung Wah ya Hong Kong. Mwaka 1902 meli iitwayo Ventnor ilizama pwani ya New Zealand ikiwa na mabaki ya Wachina 499. Kazi hiyo ya kurudisha mifupa ilisimamiwa na vyama vya wahamiaji, vya wilaya na vya ukoo, na isingewezekana bila kujua kila sanduku linakwenda kijiji gani. Kwa hiyo waulize wao.

Serikali ya Marekani ina nini kuhusu familia yetu?

Mengi mno, na kwa sababu mbaya. Kuanzia 1882 hadi 1943 sheria iliwafungia mlango vibarua wa Kichina. Waliopita ni wafanyabiashara, wanafunzi, raia na watoto wao, na kila mmoja ilibidi athibitishe. Kila uthibitisho ulifunguliwa jalada. Majalada hayo yako katika Nyaraka za Taifa za Marekani: ya San Francisco na kituo cha uhamiaji cha Angel Island, kilichofanya kazi kutoka 1910 hadi 1940, yanatunzwa San Bruno, California, ya Seattle na miji mingine yako kwenye matawi yake.

Ndani kuna picha, vyeti, na kurasa kwa kurasa za mahojiano. Afisa alitaka kumkamata mtu kwa uongo, basi akauliza mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua. Nyumba yenu ni ya ngapi katika safu ya ngapi? Nani anakaa mlango wa pili? Kisima kiko upande gani? Pipa la mchele linawekwa chumba gani? Kisha baba, kaka na shahidi waliulizwa yale yale, kila mtu peke yake. Baadhi ya majalada yana ramani ya kijiji iliyochorwa kwa mkono, nyumba zote zikiwa na majina ya wenyewe. Aliyeichora alikuwa akihangaika asirudishwe. Leo mjukuu anaitumia kujua nyumba yao ilikuwa upande gani wa bwawa la kijiji.

Ukiomba, toa tahajia zote za jina, tarehe ya kuzaliwa hata ya kukadiria, meli, na mwaka wa kuingia. Ukipata jalada moja, tazama namba za majalada ya baba, ndugu na mashahidi zilizotajwa humo, uombe na hayo. Waliokuwepo au kuingia baada ya 1944 wana majalada ya aina nyingine, ya wageni waliosajiliwa, ambayo hupatikana kupitia idara ya uraia na uhamiaji au, kwa waliozaliwa zamani zaidi, hukohuko Nyaraka za Taifa.

Nimesikia jina letu si la kweli. Ina maana gani?

Ina maana babu yenu huenda alikuwa "mwana wa karatasi", na msiwe na haya, mko wengi.

Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko na moto viliikumba San Francisco, na rejista za vizazi zikateketea. Baada ya hapo, Mchina aliyedai kuzaliwa mjini humo hakuwa na wa kumbishia kwa maandishi. Akishatambuliwa kuwa raia alikwenda China, akarudi na kuripoti kwamba kapata mtoto wa kiume. Akaenda tena, akaripoti mwingine. Nafasi za watoto hao, wengine hawajawahi kuzaliwa, ziliuzwa. Mnunuzi alipewa daftari la majibu akariri: babu wa karatasi, kisima cha karatasi, safu ya nyumba za karatasi.

Kwa hiyo kijiji kilichomo kwenye jalada kinaweza kuwa cha muuzaji. Lakini usilitupe. Mara nyingi nafasi iliuzwa kwa jamaa, mkwe au mtu wa kijiji jirani, na jina la gulio huwa lile lile. Kati ya 1956 na 1965 serikali iliendesha mpango wa kuungama, na walioungama waliandika upya jina halisi, wazazi halisi na kijiji halisi. Jalada hilo la pili ni dhahabu.

Dalili zake huonekana mapema. Jina la Kichina kwenye kaburi halilingani na la Kiingereza lililo chini yake. Au familia ni Lee kwenye leseni ya gari, lakini kila mwaka mpya inakwenda kula karamu ya chama cha akina Wong, na hakuna anayeeleza kwa nini.

Na Kanada?

Kanada ilitoza kodi ya kichwa: dola 50 mwaka 1885, 100 mwaka 1900, na 500 kuanzia 1903. Mwaka 1923 ikafunga mlango kabisa mpaka 1947. Rejista kuu ya wahamiaji wa Kichina iko Library and Archives Canada, inatafutika kwenye intaneti, na ina safu ya mahali pa kuzaliwa. Tahajia za mahali humo ni vichekesho, ila zipo. Tafuta pia cheti cha kodi chenye picha, namba C.I.5, na usajili wa 1924, namba C.I.44, ambao ulimgusa kila Mchina, hata mtoto aliyezaliwa Vancouver.

Bibi hataki kusema lolote. Nimsukume?

Hapana. Aliyekua akiambiwa kwamba neno moja litawafukuza wote nchini hawezi kufunguka kwa sababu mjukuu amepata shauku. Mpelekee picha, si maswali. Mwonyeshe jiwe la kaburi la mumewe akusomee. Wengine husema wakiwa jikoni, mikono ikiwa na kazi. Na kama hatasema, muulize dada yake.

Mimi ni Mswahili niliyeolewa kwenye familia hiyo. Naweza kufanya kazi hii?

Unaweza, na pengine utafanikiwa kuliko wao. Mkwe anaruhusiwa kuuliza ya kijinga. Mawifi watakucheka kidogo, halafu watakuletea albamu.

Nina jina la kijiji kwa kusikia tu. Nitapataje maandishi yake?

Kwanza funga wilaya. Wengi wa Marekani na Kanada wa zamani walitoka wilaya nne za jirani, Siyi, ambazo nyaraka huziandika kwa matamshi ya kale: Sunning au Toishan ni Taishan, Hoiping ni Kaiping, Yanping ni Enping, Sunwui ni Xinhui. Heungshan au Chungshan ni Zhongshan. Namhoi, Punyu na Shuntak ni Nanhai, Panyu na Shunde, karibu na Guangzhou. Kila jina kati ya hayo lina tahajia kumi, basi lisome kwa sauti badala ya kulitazama.

Ukishajua wilaya na ukoo, uwanja unakuwa mdogo, kwani vijiji vingi vya huko ni vya ukoo mmoja au miwili. Miaka ya 1960 ubalozi mdogo wa Marekani huko Hong Kong ulitoa orodha za vijiji kwa koo zake, wilaya kwa wilaya, pamoja na maandishi ya Kichina, na watafiti wa nasaba huzitumia mpaka leo. Chama cha ukoo katika mji wa Wachina ulio karibu nawe nacho kina wazee wanaoweza kusikiliza rekodi yako na kuandika papo hapo. Mtafute msemaji wa Kitaishan. Aliyekulia Beijing hatakusaidia hapa. Lugha hizo mbili hazisikilizani.

Tahadhari moja: majina hujirudia. 新村, "kijiji kipya", vimejaa kila tarafa. Bila gulio, jina la kijiji halijatosha.

Kitabu cha ukoo ni kitu gani, na nitakipata wapi?

Ni silsila iliyoandikwa, kwa Kichina huitwa zupu au jiapu: kutoka mzee wa kwanza aliyehamia mahali pale, kizazi kwa kizazi, mpaka pale mwandishi wa mwisho alipoweka kalamu. Vingi vilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976. Vingine vilifichwa, na vingine vilisalimika kwa sababu nakala ilikuwa Hong Kong au San Francisco. Maktaba ya Shanghai ina mkusanyiko mkubwa kuliko wote, na tovuti ya nasaba ya FamilySearch imepiga picha vitabu vingi, kuvitazama ni bure.

Ukikipata usishangae babu yenu kutoonekana. Mwanamume alikuwa na jina la utotoni, jina la shuleni, na jina alilopewa alipooa, na kitabu mara nyingi kinatumia hili la mwisho. Cha kukuokoa ni neno la kizazi: koo nyingi zilitunga shairi, na kila kizazi huchukua neno moja la shairi hilo katika majina yao. Ukijua neno la babu, mtu wa kijijini atakuambia palepale wewe ni wa kizazi cha ngapi na nani kati yenu amwamkie mwenzake, umri hauhesabiwi.

Wanawake ndio kasoro kubwa ya vitabu hivi. Mke anaandikwa kwa ukoo wa kwao tu. Binti mara nyingi haandikwi kabisa. Koo kadhaa siku hizi zinawaingiza, na ukipeleka taarifa za tawi lenu peleka na za mabinti, waamue wao kama wana ujasiri wa kuwafuta.

Vipimo vya vinasaba vitanionyesha kijiji?

Havitakuonyesha. Vitakuambia China ya kusini, jambo ulilolijua. Faida yake ni kukutanisha na binamu wa Toronto au Sydney ambaye mama yake alitunza bahasha.

Sisi ni wa huku, Bahari ya Hindi. Mambo ni yale yale?

Njia ni ile ile. Wilaya ndizo tofauti. Wachina wengi wa Mauritius ni Wahakka wa Meixian, mashariki mwa Guangdong. Wa Madagaska wengi ni Wakantoni wa Shunde. Réunion na Afrika Kusini utakuta makundi yote mawili. Unguja nako kulikuwa na familia chache za kutoka Guangdong zilizofanya biashara ya majongoo bahari. Hapa makaburi, leseni za biashara na vyeti vya ndoa ndivyo vitakavyokubeba, kwani hakukuwa na mahojiano ya Angel Island.

Wa Afrika Kusini wasihadaike na habari za wachimba dhahabu wa Witwatersrand. Vibarua hao, zaidi ya 63,000, waliletwa kuanzia 1904, wengi kutoka China ya kaskazini, na kufikia 1910 walikuwa wamerudishwa. Familia zilizopo leo zilitokana zaidi na wafanyabiashara huru.

Na Pate? Simulizi za Siyu na Shanga kuhusu mabaharia wa Zheng He, amiri wa Kichina aliyesafiri kati ya 1405 na 1433, ni jambo la wanahistoria na wachimbaji wa mambo ya kale. Hakuna kaburi wala jalada linalotaja kijiji, kwa hiyo mbinu za hapa hazifiki huko.

Nimepata jina. Nifanye nini kabla ya kusafiri?

Andika barua ya Kichina, ukurasa mmoja, kwa ofisi ya mambo ya Wachina wa ng'ambo ya wilaya husika. Weka jina la babu kwa maandishi, mwaka alioondoka, majina ya kaka zake, na picha. Kumbuka kwamba China bara sasa inaandika kwa alama zilizorahisishwa: 陳 huwa 陈, 縣 huwa 县, 廣東 huwa 广东. Weka zote mbili.

Mipaka nayo imehama. Tarafa ya zamani leo huenda ni mji mdogo, 镇, na chini yake kuna kamati ya kijiji inayokusanya vitongoji vingi. Chako ni kimoja kati ya hivyo. Ramani za Google hazina msaada mkubwa huko. Tumia ramani za Kichina, Amap au Baidu, na ubandike jina kwa Kichina. Usafiri si tatizo: treni ya kasi inafika Taishan na Kaiping tangu 2018, iliyobaki ni teksi.

Ukitaka kuwakuta jamaa waliohamia mjini, nenda wakati wa Qingming, tarehe 4 au 5 Aprili, wanaporudi kusafisha makaburi. Ukitaka utulivu na mazungumzo marefu, nenda Novemba.

Siku ya kufika inakuwaje?

Vijiji vya Siyi vinafanana: nyumba za matofali ya kijivu zimepangwa safu kwa safu, vichochoro vimenyooka, mbele kuna uwanja wa kuanikia mpunga na bwawa, pembeni mti mkubwa ambao wazee wanakaa chini yake. Kaiping utaona pia minara ya zege ya kujikinga na majambazi, iliyojengwa kwa fedha za ng'ambo. UNESCO iliitambua mwaka 2007. Nusu ya milango ina makufuli. Usivunjike moyo, ufunguo huwa na mtu, na mtu huyo ataitwa kwa simu.

Toa picha zilizochapishwa kubwa, si za kwenye simu. Taja jina la babu na la kaka zake. Kisha nyamaza; wazee watabishana wenyewe kwa dakika kadhaa, na jibu litatoka humo.

Tambiko lina udi, mishumaa, chai au pombe, fataki, na mara nyingi nguruwe mzima wa kuchoma. Kama wewe ni Mwislamu, sema mapema kupitia mkalimani. Kuku na matunda vinakubalika, na ukisimama kwa heshima pembeni wakati wenzako wanainama hakuna atakayekununia.

Wakiomba fedha? Na nyumba ya babu ni yetu?

Beba bahasha nyekundu kwa wazee na watoto. Hiyo ni ada. Ombi la mchango wa ukumbi wa ukoo au barabara pia lina historia yake: shule nyingi za huko zilijengwa na watu wa ng'ambo, na reli ya Xinning, iliyoanza kujengwa 1906, ilisimamiwa na Chen Yixi, aliyekuwa mfanyabiashara Seattle, kwa mitaji ya wahamiaji wenzake. Toa unachoweza mbele ya watu, kwa kamati badala ya mtu mmoja mmoja, na jina lililoandikwa kwenye orodha ya wachangiaji liwe la babu. Ahadi za baadaye usizitoe, zitaandikwa.

Nyumba ni shughuli nyingine. Ardhi ya kijijini ni ya jumuiya, na aliyekaa humo miaka sitini akiziba paa ana haki yake machoni pa majirani wote. Omba kuingia, kupiga picha, kuona madhabahu ya mababu iliyo juu. Habari za hati zisiguswe siku hiyo, na zikiguswa baadaye ziguswe na wakili wa hukohuko.